Majaribio ya Lugha Nyingi, Jibu Moja

Ni nadra programu kubwa ya kompyuta kuandikwa kwa lugha moja. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar, una seva iliyoandikwa kwa Java, kurasa za wavuti za JavaScript, na programu ya simu za Android ambayo sehemu yake kubwa ni Kotlin. Programu za namna hii hulindwa na majaribio ya kujiendesha. Hayo ni vipande vidogo vya programu ambavyo kazi yake ni kuikagua ile kubwa: kuingiza chanjo kumi, kisha kuiuliza zimeingia ngapi.

Jaribio kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya kile linachokikagua, na kila lugha ina chombo chake cha kuendesha majaribio. Java ina JUnit, iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. JavaScript ina Jest na vinginevyo. Kila chombo hutoa ripoti kwa mtindo wake, na anayetaka kujua kama toleo jipya li salama hulazimika kuzisoma zote.

Makasri ya Sultani wa Zanzibar yalilijua jambo hili la lugha nyingi kwa sura nyingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa mwaka 1844 katika Kasri la Mtoni, kando ya bahari kaskazini ya Mji Mkongwe, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba katika maisha ya kasri vilisikika Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kiswahili, Kihabeshi na vinginevyo, lakini mbele ya baba yake, Sayyid Said, kilichokubalika ni Kiarabu tu. Kila mtu alibaki na lugha yake faraghani. Mbele ya mkubwa ilitakiwa moja.

Majaribio nayo huunganishwa hivyo hivyo. Hayatafsiriwi. Kinachotakiwa ni yatoe jibu kwa namna moja, na mojawapo ya namna nyepesi ni ile inayoitwa TAP, iliyoanza mwaka 1987 pamoja na lugha ya Perl ya Larry Wall. Mstari mmoja hutaja idadi ya majaribio, kwa mfano 1..4. Kisha kila jaribio huandika mstari wake: “ok 1” likifaulu, “not ok 2” likishindwa. Lugha yoyote inayoweza kuandika maneno kwenye skrini inaweza kutoa mistari hiyo, na msimamizi mmoja akaisoma yote bila kujua imetoka wapi.

Ile idadi ndiyo kinga hasa. Programu ikifa njiani baada ya jaribio la tatu, hakuna “not ok” itakayoonekana. Kuna ukimya tu, na ukimya hufanana sana na usalama. Msimamizi aliyeahidiwa majibu manne akapata matatu hujua kuna lililozama.

Hata hivyo, kukusanya majibu si kukagua maungio. Tuseme simu ya mhudumu wa afya Unguja inahifadhi tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, 10 Machi, kama saa sita kamili usiku ya kuamkia siku hiyo. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia saa ya kimataifa kwa saa tatu, kwa hiyo tarehe ikitumwa kwa saa ya kimataifa inakuwa saa tatu usiku, 9 Machi. Seva ikichukua tarehe peke yake, mtoto ameongezewa siku ya umri. Majaribio ya Kotlin yatasema ok, ya Java yatasema ok, na yote mawili yatakuwa yamesema kweli.

Kosa hilo huweza kunaswa na jaribio linalopita njia nzima: liandike tarehe kwenye simu, liisome upande wa pili wa seva, lilinganishe. Linaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, maana linachokagua ni kile kilichopita baina ya lugha. Majaribio ya aina hii ni mazito na huenda polepole, kwa hiyo huandikwa machache, na huendeshwa mwishoni, baada ya mengine yote kuleta “ok” zao.