Maji na Figo: Yamfaa Nani, Yamdhuru Nani?

Mtu akiugua figo, kila ajaye kumzuru humwusia neno moja: "Kunywa maji mengi." Na aghalabu mwenye kuusia huja na dafu mkononi. Nia ni njema, wala hatuidharau. Lakini tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu watukufu kwamba ushauri huo umfaao huyu waweza kumdhuru yule.

Tuanze pale maji yanapofaa. Jiwe la figo hufanyika chumvi za mkojo zinapozidi na maji yakapungua, mfano wa chumvi ibakiayo katika sufuria iliyokaukiwa. Mwaka 1996 matabibu wa mji wa Parma, nchini Italia, walitangaza uchunguzi wa miaka 5 juu ya watu 199 waliopatwa na jiwe kwa mara ya kwanza. Watu 99 waliamriwa kunywa hata mkojo wao ufike lita 2 au zaidi kwa siku. 100 wakaachwa na desturi yao. Katika wale wa kwanza 12 walirudiwa na jiwe. Katika wa pili, 27. Yafaa ifahamike kwamba kipimo kilikuwa mkojo utokao, si maji yaingiayo. Kwa hiyo atokwaye na jasho shambani hana budi kunywa zaidi kuliko akaaye kivulini.

Kina mama nao wana fungu lao. Uchunguzi uliofanywa Bulgaria na kutangazwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi, wanywao maji machache, na waliokuwa wakirudiwa mara kwa mara na uchungu wa kukojoa uletwao na vijidudu vya kibofu. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kila siku, yaani bilauri 6 za robo lita. Katika miezi 12 hawa waliugua kwa wastani mara 1.7, na wenzao mara 3.2. Twaipenda habari hii, kwa kuwa maji hayauzwi kwa bei ya dawa. Ingawa wale wayabebao kichwani toka mbali watatucheka tukisema hivyo.

Ama figo zilizokwisha dhoofika kwa kisukari au presha, hapo mambo ni mengine. Huko Ontario, Kanada, wagonjwa 631 wenye udhaifu wa kadiri wa figo waligawanywa makundi mawili, moja likahimizwa kuongeza maji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: baada ya mwaka mmoja nguvu ya figo zao haikuhitilafiana na ya wenzao kwa kiasi cha kutajika.

Na ugonjwa ukifika ukingoni, figo hushindwa kuyatoa maji. Hubaki mwilini, miguu ikavimba, na pumzi ikambana mtu alalapo. Dafu nalo lina potasiamu kwa wingi. Figo nzima huitoa bila taabu, lakini figo mbovu huiacha irundikane katika damu, na ikizidi sana yaweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa wa namna hii hupimiwa maji yake na tabibu. Basi mwenye kuja na dafu asimdhanie mke wa mgonjwa kuwa ana kiburi akilikataa.

Damu katika mkojo, au homa pamoja na maumivu ya ubavuni, si mambo ya kungojea maji yafanye kazi. Mtoto akojoaye damu apelekwe akapimwe kichocho, hata kama wenziwe wote mtaani wanakojoa vivyo hivyo.

Imebaki Ramadhani. Aliyewahi kupata jiwe, na tabibu amemruhusu kufunga, anywe kidogo kidogo tangu kufuturu hadi daku, wala asiyamimine yote tumboni wakati wa daku. Mwenye figo dhaifu aende kwa tabibu kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Sura ya Al-Baqara, nasi twasikitika kuwaona watu wakiionea haya. Akifika huko aulize mambo mawili: maji yake ya siku ni bilauri ngapi, na dawa zake zimezwe saa ngapi.