Okidi Si Kirukia

Mwanafunzi wa Nyeri akionyeshwa okidi iliyoshika tawi katika msitu wa Mlima Kenya, huenda akaiita kimelea pasipo kusita. Kosa hilo huzaliwa na neno. Kiswahili kina jina kirukia, nalo ni la mmea uzamishao mizizi yake ndani ya tawi na kulinyonya. Okidi ya mtini haifanyi hivyo. Mizizi yake hushika gome kwa nje au huning'inia hewani, nayo imevikwa tabaka mfano wa sifongo linalofyonza maji ya mvua na ukungu. Chakula hujitengenezea kwa majani yake.

Ushahidi u wazi. Rangaeris amaniensis, okidi ya nyanda za juu za Kenya iliyopewa jina la Amani kule Usambara, Tanzania, huota juu ya miti na juu ya miamba vilevile. Je, mwamba una utomvu gani wa kunyonywa?

Jina huongoza mkono. Aaminiye kwamba mti unanyonywa ataibandua okidi akidhani anauokoa mti. Kuirejesha si kazi nyepesi, kwa maana mbegu zake, ndogo kama vumbi, haziwezi kuota msituni bila kuvu ya kuzilisha.

Walimu wenzangu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, na tuifundishe tofauti hii: kirukia ni mnyonyaji, okidi ni mpangaji. Mpangaji asiyemla mwenye nyumba hana sababu ya kufukuzwa.