SUMAKU YA KALE KATIKA MAWE: Jinsi ya Kutafuta Habari Zake

Wekeni daftari zenu karibu. Somo la leo ni juu ya mawe.

Sote twaijua dira. Sindano yake huelekea kaskazini kwa sababu dunia yenyewe ni kama sumaku kubwa. Ndani ya mawe mengi mna chembe ndogo zenye chuma, nazo zina tabia ya sindano ile. Volkeno inapotoa uji wa moto, chembe hizo bado hazijashika upande wo wote. Uji ukipoa na kuwa jiwe, chembe hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati ule, na mara nyingi hubaki hivyo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi. Kabla ya miaka 780,000 hivi iliyopita, kwa muda mrefu sana, dira ingalielekea kusini. Lakini ndani ya muda huo palikuwa na kipindi ambacho ingalielekea kaskazini, kama leo. Mwaka 1963 wataalamu wawili, Grommé na Hay, walieleza sumaku ya mawe ya volkeno ya Bonde la Olduvai, katika nchi yetu. Leo wataalamu wa dunia nzima hukiita kipindi hicho Olduvai. Kilianza miaka milioni 1.95 hivi iliyopita, kikaisha milioni 1.78 hivi. Alama yake huwasaidia kujua umri wa matabaka hata katika nchi za mbali.

Je, vipimo hivi huwekwa wapi? Liko ghala la kumbukumbu liitwalo MagIC, huko Marekani, nalo husomwa kwa intaneti bila malipo. Humo huandikwa mahali jiwe lilipotolewa, umri wake, aina yake, mwelekeo wa sumaku yake, na idadi ya vipande vilivyopimwa. Anayetaka kutafuta afuate mambo matatu.

Kwanza, mahali. Muleba iko kusini ya ikweta, kati ya digrii 1 na 3, na mashariki kati ya digrii 31 na 32. Katika ghala hili kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1, -3. Ukisahau kijistari hicho kidogo, utaletewa mawe ya Uganda! Basi mtu asidharau alama ndogo.

Pili, jina. Miamba ya matabaka ya upande wetu wataalamu waliiita Bukoban, kwa jina la mji wa Bukoba. Mwaka 1972 mtaalamu Piper alitoa habari za sumaku yake. Ukiandika Kagera peke yake, huenda usiipate. Jaribu Bukoban, jaribu Tanzania, na kwa maandiko ya kabla ya 1964, jaribu Tanganyika.

Tatu, pima uzito wa habari. Vipande 3 si sawa na vipande 60. Tena, radi ikipiga mwamba huweza kufuta sumaku ya kale na kutia mpya. Tazama kama mpimaji aliiondoa hiyo mpya kwanza.

Na ukikuta ukurasa mtupu, usiseme kwamba mawe yetu hayana habari. Huenda hajaja mtu kuyapima. Asiyejua kusoma ghala hili hawezi kuona pengo lililomo. Anayejua aweza kuuliza, na aweza kumpeleka mwanawe akasome kazi hiyo.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Chembe za jiwe hushika mwelekeo lini?
2. Kwa nini kijistari cha kutoa ni muhimu?
3. Ukurasa mtupu una maana gani?

Kwaherini, hadi somo lijalo.