Kinyonga Wako Amehepa Misikhu? Soma Hii Kabla Uanze Kukata Fensi ya Jirani

Imeenda hivi. Asubuhi umeamka, umecheki kwa boksi, matawi yako, kikopo cha maji kiko, lakini mwenye nyumba hayuko. Dirisha liko wazi kidogo tu, kama vidole viwili. Nje kuna fensi ya saiprasi, nyuma yake shamba la mahindi, halafu miwa mpaka huko chini. Unajiuliza, mnyama wa kijani, saizi ya kiganja, kwa kijani yote hiyo ya Bungoma, nitamtoa wapi?

Relax, msee. Kumpata inawezekana, na wala si uchawi. Lakini kuna vitu vitatu lazima uchanuke: jinsi kinyonga anaishi, jinsi majirani wako wanafikiria, na jinsi sheria ya Kenya inasema. Ukikosea kimoja, unaweza kumpoteza mnyama, ukapigwa na kijiji, ama ukalala kwa karao. Twende pole pole, kama yeye mwenyewe.

Hajaenda Kitale, acha kupanic

Kinyonga si paka. Hatoki mbio akavuka barabara ya Webuye-Kitale akadandia matatu. Miguu yake imeumbwa kama koleo, vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, kazi yake ni kushika tawi. Mkia nao ni mkono wa tano. Kwa ardhi anatembea akitingika kama mlevi wa chang'aa, na anajua kabisa kuwa hapo chini ni hatari. Kwa hivyo akitoka nje, kitu cha kwanza anafanya ni kutafuta mahali pa kupanda.

Hapo ndipo unaanza. Simama kwa dirisha alilotokea, uliza swali moja: kitu gani cha kupandika kiko karibu zaidi? Mti wa mparachichi? Fensi? Kamba ya nguo inayoenda mpaka kwa mti? Chora duara kwa kichwa yako kutoka hapo, anza na mita chache, halafu panua kila siku.

Usipoteze sauti ukimwita jina. Kinyonga hana tundu la sikio kwa nje, na kusikia kwake ni kudogo sana. Hata ukimpigia ngoma ya mbogi yako mzima, hatakuja.

Na usianze kukata matawi ama kutikisa miti. Ukitikisa, anajiachilia anaanguka chini kwa nyasi, na hapo umefanya kazi iwe ngumu mara kumi. Fensi ukiikata na panga, unaweza kumkata na yeye.

Usiku ndio mchezo wote

Hii ndiyo siri ambayo watafiti wa vinyonga hutumia dunia nzima: hawamtafuti mchana, wanamtafuta usiku na tochi.

Sababu ni hii. Mchana kinyonga ana akili zake zote. Macho yake mawili yanazunguka kila moja kivyake, moja linaangalia nzi, lingine linakuangalia wewe. Akikuona, anajisongesha nyuma ya tawi, anabaki upande ule mwingine, na unapita hapo mara tano bila kujua. Lakini jua likizama anaenda ncha ya tawi jembamba, anakunja mkia kama spring ya kalamu, analala. Analala kwa ncha kwa sababu nyoka akija, tawi litatikisika kwanza na atajua.

Akilala, rangi inapoa. Anakuwa mweupe mweupe hivi, ama kijani iliyopauka. Ukimulika tochi, majani yanaonekana meusi na yeye anang'aa kama karatasi imesahaulika kwa mti. Ukimwona mmoja mara ya kwanza, macho yako yanashika rada, na baada ya hapo hata wale hukuwa unatafuta utawaona.

Kwa hivyo mpango ni huu. Huku kwetu saa moja na nusu jioni giza limeingia fiti. Ngoja mpaka saa mbili ama saa tatu, akiwa amelala kabisa. Chukua tochi yenye mwangaza wa kushikana, ile ya kichwani ikiwezekana, flashi ya simu itakusaidia karibu tu. Shika tochi karibu na macho yako, si kwa kiuno. Tembea hatua moja moja, ukianza kucheki kutoka magotini kwenda juu. Pitia ncha za matawi, usipoteze muda kwa shina. Halafu geuka, rudi njia ile ile ukiangalia upande wa pili, kwa sababu kitu ambacho jani lilificha ukienda, utakiona ukirudi.

Na usikate tamaa siku ya kwanza. Usiku wa pili na wa tatu bado ni wako. Kinyonga hanywi maji kwa bakuli, analamba matone ya umande na mvua kwa majani, na wadudu Bungoma hawajawahi kuisha. Njaa na kiu haviwezi kumuua haraka hapa. Paka, kuku, ndege na mawe ya watoto ndio wanaweza.

Lakini ongea na majirani kwanza

Hapa sasa ndio wasee wa Nairobi hawaelewi. Wewe na tochi, saa tatu usiku, unazunguka fensi ya watu pole pole bila kuongea, katika Bungoma. Unajua watakuita nani? Watasema ni wale wa kukimbia usiku. Na watu wakishaamini hivyo, hakuna mtu atangoja kusikia stori ya kinyonga.

Kwa hivyo mchana, kabla ya giza, zunguka maboma. Salimia vizuri. Mwambie mzee wa boma, "Shikamoo mzee, kuna mnyama wangu amepotea, usiku nitapita na tochi hapa kwa fensi." Mwambie mzee wa kijiji pia. Nenda na mtu anayejulikana hapo, na muongee kwa sauti ya kawaida mkitafuta. Dakika ishirini za heshima zinaokoa mengi.

Shida ya pili: ukisema mnyama ni kinyonga, wengine watashtuka zaidi. Usicheke. Kuna sababu, na ni ya zamani.

Wabukusu wana hadithi kuhusu kifo kilivyokuja. Jamaa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akila. Kinyonga akaja, akaomba chakula. Jamaa akamnyima, akamfukuza. Kinyonga akamlaani, akasema kuanzia leo nyinyi watu mtakuwa mnakufa. Akaondoka, akaenda kwa nyoka. Nyoka akamgawia chakula, na kinyonga akambariki: ndiyo maana nyoka akizeeka anavua ngozi anaendelea na maisha, na sisi tunazikwa.

Sasa cheki hiyo hadithi vizuri. Watu wengi wanabeba sehemu moja tu, kwamba kinyonga ni mkosi, basi apigwe jiwe. Lakini kosa kwa hiyo stori lilikuwa la nani? La mtu aliyenyima mgeni chakula. Kama kukhu wako anamwogopa kinyonga, mkumbushe hiyo sehemu kwa upole. Ukweli mwingine wa kumpa: kinyonga hana sumu. Hang'ati mtu ovyo, na aking'ata kwa kuogopa ni kufinya tu. Ile kufura, kufungua mdomo na kutoa sauti kama tairi inaisha upepo, ni vitisho vya mtu mwoga.

Watoto nao wape kazi. Waambie akionekana wasimguse, wasimrushie kitu, mmoja abaki akimwangalia na mwingine akimbie kukuita. Macho ya watoto kumi yanashinda tochi yako.

Ukilazimika kutafuta mchana

Asubuhi na mapema ndiyo poa zaidi. Usiku wa huku ni baridi, na kinyonga hawezi kujipasha joto mwenyewe kutoka ndani, anategemea jua. Kwa hivyo saa moja, saa mbili asubuhi anatoka upande unaopigwa na jua, anageuka mweusi mweusi ili ashike joto haraka, anajilaza ubavu. Cheki upande wa mashariki wa fensi na miti.

Hapa tutoe uongo mmoja njiani. Kinyonga hageuki rangi ili afanane na chochote amekalia. Ukimweka kwa shuka ya maua hatatoka maua. Rangi inabadilika kwa sababu ya joto, hasira, uoga na kutongoza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba chini ya ngozi yake kuna vifuwele vidogo sana, na akivitanua au kuvibana, mwangaza unaakisiwa kwa rangi tofauti. Kwa hivyo usitafute "kitu kimefanana na ukuta". Tafuta umbo: mgongo uliokunjika, mkia wa kuzunguka, jicho kama koni.

Kama wako ni jike mnene, angalia pia chini. Aina zingine hutaga mayai na hushuka kuchimba udongo. Zingine, kama yule mdogo wa milia anayeitwa *Trioceros ellioti* anayepatikana huku magharibi, huzaa watoto wazima na hawana haja ya kuchimba.

Umemwona? Usimvute

Usimnyakue kutoka juu kama mwewe. Ndege wanaomla huja kutoka juu. Na usimvute mkia ama mguu, kwa sababu ameshika tawi kwa nguvu zote na utamvunja.

Weka kijiti ama mkono mbele yake, usawa wa kifua, halafu guse mkia kidogo kutoka nyuma. Atapanda mwenyewe. Ama kata kile kitawi amelalia, umbebe nacho. Ukifika nyumbani nyunyizia majani maji anywe, halafu mwache peke yake. Selfie na mbogi zitangoja, rangi ikiwa nyeusi anakuambia amechoka na nyinyi.

Sasa lile swali: ni wako kweli?

Hapa ndipo stori inageuka, na heri usikie kwangu kuliko kwa korti.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, mnyamapori hafugwi bila kibali. "Nilimwokota kwa shamba letu" si kibali. Na vinyonga wengi wako kwa orodha ya mkataba wa CITES tangu 1977, kumaanisha biashara ya kuwavusha mipaka inafuatiliwa.

Unadhani hakuna mtu anajali mnyama mdogo? Mei 2025 korti ya JKIA iliwapiga vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama jela miezi kumi na miwili. Walipatikana na siafu? Hapana, chungu tu, malkia karibu elfu tano ndani ya vichupa. Na Januari 2021, forodha ya Austria ilitangaza kuwa ilinyita mtu katika uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, Tanzania, amewaficha ndani ya soksi na mikebe ya aiskrimu. Watatu walikuwa wamekufa.

Kwa hivyo kama kinyonga wako ulimtoa kwa fensi ya Misikhu, na sasa amerudi kwa fensi ya Misikhu, ukweli mchungu ni huu: hajapotea. Ameenda nyumbani. Mtafute uhakikishe hajaanguka barabarani ama kwa mdomo wa paka, mpandishe kwa mti mzuri, muage.

Lakini kama alitoka mbali, lazima umpate

Hii ni tofauti kabisa. Tuseme mtu alikubebea kinyonga wa pembe tatu kutoka upande wa Mlima Kenya, yule *Trioceros jacksonii*. Usiseme "wacha aende, msitu ni msitu". Uliza watu wa Hawaii.

Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu, aliletewa dazeni kadhaa za hawa hawa vinyonga wa Kenya. Walifika wamekonda, wamekauka maji. Akawaweka kwa bustani yake wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakahepa. Leo wako Oahu, wako Maui, wako hata kisiwa kikubwa, na wanakula wadudu na konokono wa miti ambao hawapatikani kwingine duniani. Sasa huko kuwasafirisha kati ya visiwa ni hatia. Yote hiyo ilianza na bustani ya msee mmoja aliyewahurumia.

Kwa hivyo wa mbali akihepa, tafuta kila usiku mpaka umpate, halafu ongea na KWS. Kwa wasee wa upande huu, wako kwa Mbuga ya Mlima Elgon, geti ya Chorlim, kupitia Kitale na Endebess. Kwenda mwenyewe mapema na kueleza ni afadhali kuliko kupatikana.

Na ukitoka na tochi leo usiku, fanya hivi: hesabu. Utashangaa ni vinyonga wangapi wamelala kwa fensi ambayo umepita maisha yako yote. Ukitaka kuwaona kila siku, acha fensi imee, punguza dawa ya kuua wadudu, na waambie watoto waweke mawe chini. Hapo utakuwa na vinyonga bila boksi, bila kibali, na bila mtu wa kuhepa.