Usiseme "Ni Dawa Tu": Moyo wa Mgonjwa wa Kansa

Ikiwa nyumbani mwako kuna mgonjwa wa kansa, bila shaka umezoea kusikia, "Ni dawa tu hizo, zina nguvu." Nywele zikinyonyoka, ni dawa. Chakula kisipopita, ni dawa. Hata akianza kutweta kwa kupanda ngazi za haya maghorofa yaliyochukua mahali pa nyumba za Kiswahili hapa Majengo, bado tunasema ni dawa. Huenda ni kweli, lakini mara hii dawa yaweza kuwa imegusa moyo.

Chukua mfano wa doksorubisini, ile dawa nyekundu ya dripu. Asili yake ni bakteria wa udongoni wa huko Italia, nayo hutumika sana kwa kansa ya matiti, ya damu na ya tezi. Huua seli za kansa barabara, ila huidhuru pia misuli ya moyo, na madhara hukua kadiri kiasi kinavyojumlika mwilini. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kuwa kwa waliopata miligramu 400 kwa kila mita mraba ya mwili, wagonjwa 3 katika 100 walishindwa na moyo. Kwa miligramu 550 walikuwa 7, na kwa 700 wakafika 18. Ndiyo sababu madaktari huweka kikomo, nacho ni cha maisha yote, si cha mwaka.

Sasa fikiria mgonjwa aliyeanzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kisha akahamia Hospitali Kuu ya Pwani, mwendo mfupi tu kutoka Majengo. Asipokuwa na karatasi zake, daktari atajuaje ametiwa kiasi gani? Ugonjwa ukirudi hata baada ya miaka 10, hesabu haianzi upya. Karatasi hizo ziweke pale unapoweka hati ya nyumba.

Dawa nyekundu haiko peke yake. Trastuzumabu, ya baadhi ya kansa za matiti, nayo hudhoofisha moyo wa wengine, ingawa mara nyingi nguvu hurudi ikisimamishwa. Mionzi ya kifua, hasa upande wa kushoto, yaweza kuharibu mishipa ya moyo na madhara yakaonekana miaka mingi baadaye.

Kabla ya dripu ya kwanza, muulize daktari kuhusu kipimo cha eko. Ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haina sindano wala maumivu. Moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo kila unapopiga. Ikipungua mapema, daktari aweza kuongeza dawa za kuusaidia moyo, kama enalaprili, au kubadili matibabu. Mwenye presha au kisukari ana haja zaidi ya kuuliza. Lakini kuikimbia dripu kwa hofu ya moyo ni kuiachia kansa uwanja. Uamuzi huo si wako wala wangu.

Kazi yako ni kumtazama. Je, siku hizi anataka mito mitatu ndipo alale? Huamka usiku akitafuta pumzi? Kandambili zambana jioni? Uzito umepanda kilo mbili kwa siku chache ilhali hali vizuri? Mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na akilalamika kifua kinabana akiwa kwenye dripu, mwite muuguzi papo hapo.