Kuchagua Asali ya Wanzuki

Wasikilizaji, mwenye kutengeneza wanzuki nyumbani hahitaji asali ya bei kubwa. Ahitaji asali isiyotiwa maji. Huku kwetu Kilosa na Mikumi, asali ya miombo huuzwa sana kwa chupa na kwa debe, pasipo mizani. Hapo ndipo fedha yetu hupotea.

Basi tuipime. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya asali safi ina kilo 1.4 hivi. Asali ya debe la lita 20, tukiondoa uzito wa debe lenyewe, haina budi kukaribia kilo 28. Ikipungua sana, tumenunua maji kwa bei ya asali. Lakini mizani haifichui sukari iliyopikwa. Kwa hiyo tununue kwa mrina asali tumjuaye.

Rangi nyeusi isitutishe, wala asali iliyoganda, maana huyeyuka katika maji ya vuguvugu. Yenye povu na harufu ya uchachu tuiache, imekwisha kuumuka. Masega nayo yafaa, na nta hubaki yetu. Ila yenye majana tuyakatae.

Asali hukaa miaka bila kuharibika kwa kuwa maji yake ni machache. Ikiongezwa maji, huumuka. Kazi hiyo ya kuongeza maji ni yetu sisi, si ya muuzaji.