Tamu, Kavu, Kali: Msamiati wa Kuuonja Mvinyo wa Mosel

Kwenye lebo za mvinyo mweupe wa bonde la Mosel, magharibi mwa Ujerumani, huonekana mara nyingi neno "trocken". Mfasiri akitazama kamusi hukuta maana yake ni "kavu", akaandika "mvinyo mkavu", na msomaji akabaki kujiuliza kimiminika kinakaukaje. Tatizo hilo ni dogo likilinganishwa na lile linalozuka kwenye maneno "tamu", "kali" na "chachu", ambayo huonekana mepesi kwa sababu kila mzungumzaji anayajua tangu utotoni.

Mosel iko karibu na latitudo ya 50 kaskazini, ambako zabibu huiva polepole. Mizabibu hupandwa kwenye miteremko iliyosimama karibu kama ukuta, ili ipate jua la kutosha. Ule wa Calmont, jirani na kijiji cha Bremm, ni miongoni mwa iliyosimama zaidi barani Ulaya. Udongo umejaa mawe meusi ya matabaka membamba, jamii ya jiwe lililochongwa zamani vibao vya kuandikia wanafunzi, nayo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Zabibu inayotawala ni Riesling. Katika nchi ya joto, kama Dodoma, asidi hupungua upesi tunda linapoiva; penye baridi hubaki nyingi. Kwa hiyo mvinyo wa Mosel una asidi ya kutosha, sukari inayotofautiana sana kati ya chupa na chupa, na mara nyingi kileo kidogo: "Kabinett" yenye sukari huweza kuwa na asilimia 8 tu.

Mfasiri anayeandika "mvinyo mkali" akikusudia asidi hiyo humwambia msomaji wa Afrika Mashariki jambo jingine kabisa. Pombe kali ni wiski na gongo. Mvinyo wa asilimia 8 ukiitwa mkali, anayechunga kiasi cha kileo anachokunywa amepotoshwa, na hilo si kosa la lugha pekee.

"Mchachu" nalo lina mtego wake. Wali uliochacha hutupwa, na maziwa yaliyochacha hayapewi mgeni. Mvinyo mchachu basi hueleweka kuwa umeharibika, ilhali kwa waonjaji wa Riesling asidi ndiyo uti wa mgongo wa kinywaji. Njia iliyo salama ni kuufungamanisha uchachu na tunda: "uchachu wa ndimu", "uchachu wa tufaha bichi". Hapo hakuna atakayefikiria kuoza. Wapo wanaokimbilia neno "ukakasi". Hilo ni hazina, lakini mahali pake si hapa. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukwaruza baada ya kula bibo au ndizi mbichi, nao unafaa kwa mvinyo mwekundu uliokaa na maganda ya zabibu, si kwa Riesling.

Lililo gumu kuliko yote ni "tamu". Mtu akisema mchuzi ni mtamu, hajasema kwamba una sukari, amemsifu mpishi. Akisema chai ni tamu mno, huenda analalamika. Maji matamu ni yale yasiyo na chumvi. Neno hili hueleza na kusifu kwa pamoja, ilhali kazi ya mwonjaji ni kuyatenga mawili hayo: kwanza kilichomo kinywani, kisha hukumu. Sentensi "Mvinyo huu ni mtamu" haifafanui kama ni taarifa au ni sifa, na katika Mosel taarifa hiyo ndiyo mnunuzi anayoitafuta.

Sheria inaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo la vipimo. Mvinyo huruhusiwa kuitwa "trocken" ukiwa na sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita, mradi asidi isipungue chini ya sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2, kwa sababu asidi huifunika sukari ulimini. "Mkavu" halibebi maana hiyo. Chai kavu haina kitafunio, ugali mkavu hauna mboga, hela kavu ni taslimu. Hakuna hata moja linalohusu sukari. "Usio na utamu wa sukari" ni kirai kirefu, lakini hakidanganyi. "Spätlese", yaani mavuno ya kuchelewa, nalo lisifasiriwe "mvinyo mtamu". Linaeleza uivaji wa zabibu, unaopimwa kwenye maji yake kabla hayajachachuka, na chupa za "Spätlese trocken" zipo tele.

Hukumu huja mwisho. Mvinyo wa daraja la ubora nchini Ujerumani hupita mbele ya waonjaji rasmi kabla ya kupewa namba ya ukaguzi. Hutolewa alama kutoka 0 hadi 5 kwa harufu, ladha na kile kinachoitwa "Harmonie", na hakuna kipengele kinachoruhusiwa kushuka chini ya 1.5. Kwa "Harmonie" wengine huandika "ulinganifu", linalodokeza vitu vinavyofanana. "Uwiano" ni bora: sukari na asidi hazifanani, zinashikiliana.

Maelezo ya mwonjaji yangeweza basi kusomeka hivi: "Harufu ya pichi na ndimu. Sukari ya wastani, uchachu mwingi wa tufaha bichi. Mwepesi, ladha hukaa kinywani. Uwiano mzuri." Wepesi na uzito havihitaji kubuniwa, kwani uji umevizoea siku nyingi.

Likabaki neno moja linaloshtua. Riesling iliyokaa chupani miaka mingi hupata harufu ambayo Wajerumani huiita "Petrol", na mfasiri mwenye haraka humpeleka msomaji kwenye kituo cha kujazia magari. Harufu inayokusudiwa ni ya mafuta ya taa, na aliyewahi kuwasha kibatari ataitambua mara moja. Katika mvinyo mkongwe wengi huihesabu kuwa sifa. Katika mchanga huweza kukatisha alama. Mfasiri aiandike chini ya harufu, wala asiongeze neno "kasoro" ambalo mwonjaji hakulitamka.